Jua Lililohamia Upande wa Pili wa Choo

Ilianza siku ya Jumamosi, saa saba mchana, katikati ya mwezi wa sita. Saa naikumbuka kwa sababu redio ya Cucu, bibi yangu, ilikuwa imeanza kusoma habari, na mimi nilikuwa nimeinua kijiko cha kwanza cha githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, harufu ilipoingia jikoni. Iliingia kwa mlango wa nyuma, ikapita juu ya moto, ikatua kwenye sahani yangu. Nikarudisha kijiko. Nyuma ya harufu akaingia Cucu mwenyewe, leso ameibana puani, akaniita kwa majina yangu yote matatu, pamoja na lile la ubatizo ambalo kwetu hutumika kanisani na siku ya kuchapwa tu.

"Choo kimeoshwa na nani?" aliuliza.

Jibu alilijua. Choo kilikuwa kazi yangu.

Nawaandikia haya nikiwa kidato cha tatu, na nitawaambia yote kwa sababu ana kwa ana nisingeweza. Mimi ni mmoja wa wale wasichana ambao mwalimu akiwauliza swali huangalia viatu vyao. Wiki jana hapa bwenini mtu aliacha tambara la kupigia deki chini ya kitanda changu, limelowa, likakaa huko. Nilipolivuta nje, ule uchachu ukanipanda puani mpaka nyuma ya macho, na papo hapo nikawa na miaka kumi tena, niko Kanyakine kwa Cucu, nimeshika ufagio wa vijiti na ndoo ya majivu, na boma zima linaniita Gatwiri mchafu.

Lazima mjue kwanza kwamba mimi nina kinyaa tangu nizaliwe. Utando juu ya maziwa hunitoa machozi. Unywele ukionekana ndani ya chapati, hata kama ni wangu, mimi nimemaliza kula siku hiyo. Anko Gitonga akitafuna miraa siwezi kukaa mbele yake, jinsi ule ute wa kijani unavyojikusanya kwenye pembe ya mdomo, unangoja, unangoja, halafu anautema kwenye maua ya Cucu. Sasa mtoto wa namna hiyo ndiye aliyepewa choo. Cucu alikuwa na hesabu yake: mwenye kinyaa ataosha vizuri kuliko asiye nacho. Mama yangu alikuwa anafanya kazi hotelini mjini Embu, na alikuwa amenileta kwa Cucu, mama yake mzazi, nisome huko. Kwa hiyo wa kunitetea hakuwepo. Binamu yangu Makena, binti ya Anko Gitonga, ambaye tulilingana umri, yeye alipewa kulisha kuku. Fikirieni. Kuku.

Choo chenyewe hakikuwa kizee. Anko Gitonga, kaka yake mama, ni fundi wa mawe, na alikuwa amekijenga mwezi wa kumi na mbili uliopita, Krismasi ikikaribia, baada ya kile cha zamani kubomoka na kuondoka na jogoo. Kilikuwa choo cha shimo lakini cha kisasa. Kuta za matofali, sakafu ya saruji, ndani giza la makusudi, na kwa nje bomba jeusi la plastiki lililotoka shimoni na kupanda ukutani hadi kwenye paa. Anko alimweleza kila mgeni kuhusu lile bomba, hata mgeni aliyekuja kuuliza bei ya maharagwe.

"Jua linachoma bomba," alisema, akichora hewani kwa kidole. "Bomba likipata joto, hewa ya ndani inapanda. Ikipanda inavuta ile ya shimoni, pamoja na uvundo wake wote, inaimwaga huko juu kwa ndege. Nzi naye akiwa ndani kwenye giza anaona mwanga juu ya bomba, anakimbia huko akidhani ametoka, anakuta wavu. Anafia hapo. Hiki choo kinapumua kuliko wewe."

Siku ya kufunga lile bomba nilikuwepo. Ilikuwa mchana, jua kali. Anko alisimama katikati ya uwanja, akaweka kiganja juu ya macho, akalitafuta jua liliko. Lilikuwa limeegemea upande wa Embu. Kwetu hakuna anayesema kusini na kaskazini. Tunasema upande wa Embu na upande wa Meru, vile barabara inavyoenda. Kivuli chake, kifupi na kinene, kilikuwa kimelala upande wa Meru. "Bomba linaenda huku," akasema, "likae likiangaliana na jua." Akalifunga kwenye ukuta wa upande wa Embu. Lilipozidi paa akalikata, likabaki sawasawa na ukingo wa mabati, na kipande kilichobaki akaenda nacho kwake kutengenezea mfereji wa maji ya mvua. Fundi akiona kitu kimezidi, moyo wake hautulii.

Na kweli kilipumua. Krismasi ile watu walikwenda chooni hata wasio na haja, wanarudi wakitikisa kichwa. Siku moja niliegemeza kiwiko kwenye bomba nikaungua hadi ngozi ikainuka. Tambara langu la kufutia nililianika kwenye msumari kando ya lile bomba, na lilikauka likawa gumu kama ngozi ya mbuzi kabla sijarudisha ndoo. Karibu nikipende kile choo, ikiwa mtu wa kinyaa anaweza kupenda choo.

Halafu mvua za mwezi wa nne zikaja, kila kitu kikalowa, na hakuna aliyekuwa na muda wa kunusa. Zilipoisha ndipo ikaja ile Jumamosi ya githeri.

Sitawaficha. Ukifungua mlango harufu haikukungoja ukaribie, ilikukumbatia. Ilikuwa na uzito na uvuguvugu, kama pumzi ya mtu mgonjwa. Nzi walikuwa wa buluu, wanono, wavivu, wanatembea ukutani kama wenye nyumba. Pembeni mwa tundu walianza kuonekana mabuu, weupe, wanapanda saruji polepole wakijikunja na kujinyoosha, na kuna asubuhi nilimkanyaga mmoja kwa mguu mtupu. Sitaeleza zaidi ya hapo. Ukuta wa nyuma uliota utelezi wa kijani, rangi ileile ya mate ya Anko. Na lile tambara langu, Mungu wangu. Nililianika jioni, asubuhi liko vilevile. Kesho yake liko vilevile. Likaanza kuwa na madoa meusi na ule uchachu, na mikono yangu ikachukua uchachu huo, ikawa hata nikishika kalamu shuleni nanusa choo.

Niliosha. Niliosha asubuhi na nikaosha jioni. Nilimwaga majivu, nikamwaga sabuni ya unga ya kufulia mpaka Cucu akaificha. Nilisugua saruji hadi ufagio ukabaki kipini. Nikitoka hapo nilikuwa natapika nyuma ya migomba kisha narudi kusugua. Harufu haikupungua hata kidogo.

Wakati huohuo boma lilikuwa linangoja wageni. Anti Kendi, kitinda mimba wa Cucu, alikuwa ameposwa na kijana wa Runyenjes, huko Embu, anayeitwa Njeru, na watu wa kwao walikuwa waje mwisho wa mwezi wa saba kuzungumzia mahari. Anti Kendi alikuwa mpole, alinipaka mafuta nywele bila kunivuta, na ndiye aliyekuwa ameniahidi kwamba siku hiyo mimi ndiye nitakayewanawisha wageni mikono. Kwetu hiyo si kazi ndogo. Unavaa gauni lako la Jumapili, unabeba jagi la maji ya vuguvugu na beseni, unapita mbele ya kila mgeni ukiwa umeinama, na kila mmoja anakuuliza jina lako. Nilikuwa nimefanya mazoezi na migomba.

Jioni moja Cucu aliingia kutoka chooni akaketi kwenye kigoda. Nyumbani tuliongea Kimeru, na mambo mengine yananuka zaidi kwa Kimeru, lakini nitayaweka kama ninavyoweza.

"Kendi," alisema, "hawa watu wa Embu wataingia kwenye hicho choo. Na mama ya huyo kijana ni mwanamke wa kuangalia."

"Labda ni baridi ya mwezi huu, Mami," Anti Kendi akasema.

"Baridi haileti mabuu. Ni uvivu." Akanigeukia. "Hii mikono yako haitamnawisha mgeni yeyote. Nani atakula akishajua imetoka wapi? Makena ndiye atashika jagi."

Makena alikuwa anachambua mboga. Hakuinua uso lakini mabega yake yalitabasamu. Tangu siku hiyo alikuwa akinipita anabana pua kwa vidole viwili. Kisimani, mbele ya watoto wengine, aliniambia, "Gatwiri, wewe pita mbele kabisa. Nzi wakikuona wewe, sisi watatuacha." Wakacheka, na mimi nikaangalia viatu vyangu. Sikuwa na viatu, niliangalia vidole.

Sasa mnajua nilichokuwa nikitaka. Sikutaka zawadi. Nilitaka tu siku ya wageni ifike nikiwa nimeshika lile jagi, na mtu asibane pua.

Siku chache kabla ya wageni nilikwenda nyuma ya choo kulia, kwa sababu huko hakuna aliyependa kupita. Ilikuwa mchana, ukungu ulikuwa umeondoka na uwanja mzima ulikuwa unang'aa. Niliegemea bomba. Lilikuwa baridi. Lilikuwa na majimaji, na juu yake koa, yule konokono asiye na nyumba, alikuwa anatambaa bila haraka akiacha utepe wake wa kamasi. Nikaruka. Ukuta wote huo ulikuwa kivulini. Nikazunguka hadi ule wa upande wa Meru, na huko matofali yalikuwa ya moto, makavu, mjusi ameyalalia amefumba macho.

Nilisimama hapo nikafikiri kwa akili yangu ya miaka kumi, na nikaelewa. Jua lilikuwa limeshindwa na harufu. Lilikuwa limevumilia kadiri ya uwezo wake, mwishowe likahamia upande wa pili. Sikulilaumu. Nilichukua tambara langu nikalianika upande huo.

Anko Gitonga akapita akanikuta.

"Mbona umeleta hilo takataka huku mbele? Wageni walione?"

"Kule nyuma halikauki, Anko." Nilimwambia kivuli chake, si yeye. "Jua limehama."

"Jua lihame liende wapi? Jua linatoka pale," akanyoosha mkono kuelekea Tharaka, "linalala pale, nyuma ya mlima. Mlima umehama?"

Alitafuna kidogo. Kisha akaangalia kivuli chake mwenyewe, ambacho sasa kilikuwa kimelala upande wa Embu, kinyume cha siku ile. Akaacha kutafuna. Akaenda nyuma ya choo. Nilisikia akitema. Aliporudi alikuwa anafuta kiganja kwenye suruali, na hakunitazama.

Kesho yake alikuja na patasi na nyundo, akasema anakirekebisha choo kidogo. Alitoboa sakafu upya upande wa Meru ili bomba lihamie huko, na mimi nikaitwa kushika. Sijui niwaelezeje. Sakafu ilipopasuka, kile kilichokuwa chini kikatoka juu kutusalimia. Kuku walikuja, na kuku wakarudi. Anko mwenyewe alitema miraa yote aliyokuwa nayo mdomoni, na mimi hapo ndipo nilijua mambo ni mabaya. Tulipoling'oa bomba, sehemu ya chini iliyokuwa imezama ilidondosha kitu cheusi, kizito, juu ya mguu wangu wa kushoto. Nilibaki nimeshika. Nilishika hadi akamaliza kuziba na saruji. Alikuwa anajua kwamba kosa ni la bomba, na mimi nilikuwa najua, na nilingoja aseme neno moja tu jikoni. Jioni Cucu alipomuuliza choo kilikuwa na nini, alisema, "Hamna kitu. Kilitaka tu kuoshwa vizuri."

Hiyo ndiyo sentensi iliyonitia kinyaa kuliko yote yaliyotoka kwenye lile shimo.

Wageni walifika Jumamosi, na jua likatoka mapema likapiga ukuta wa upande wa Meru kama lilikuwa limeagizwa. Kufikia saa sita bomba lilikuwa linavuta, na hewa ndani ya choo ilikuwa nyepesi, inashuka kwenye tundu kama maji. Mimi niliwekwa jikoni, karibu na sufuria tupu za mukimo, ule mseto wa viazi na mboga, niwe mbali na vyakula vilivyoiva. Kupitia ufa wa mlango niliona Mama Njeru, mama yake bwana arusi, mwanamke mrefu wa kilemba cheupe, akiomba kuonyeshwa choo. Wote waliendelea kuongea kuhusu bei ya kahawa kwa sauti za watu wasioongea kuhusu kahawa.

Alirudi taratibu. Makena alikuwa amesimama tayari na jagi, gauni limepigwa pasi.

"Choo chenu," Mama Njeru alisema, "ningeweza kulia chakula mle. Huoshwa na nani?"

"Ni huyu," Cucu akasema. "Makena wetu."

Mama Njeru aliichukua mikono ya Makena, akaigeuza viganja juu, akaitemea mate kidogo, tfu, tfu, kama wazee wa kwetu na wa kwao wanavyobariki, akasema hiyo ni mikono ya nyumba nzuri. Mimi, ambaye siwezi kuangalia utando wa maziwa, nilisimama nyuma ya ule mlango nikayatamani mate ya mtu. Anko Gitonga alikuwa anaangalia supu yake kwa makini sana, kama iliyoandikwa kitu.

Cucu hapendi uongo. Kwa hiyo Jumatatu alihakikisha maneno yake yamekuwa kweli: Makena akapewa choo, mimi nikapewa kuku. Mnaweza kudhani nilishukuru. Lakini choo kilikaa bila harufu tangu kilipotoka mikononi mwangu, na huo ukawa ushahidi. Wiki baada ya wiki kilivyozidi kuwa kisafi ndivyo mimi nilivyozidi kuwa mchafu. Hata wanawake wa kanisani walijua. Mmoja aliniletea sabuni, akaniambia si aibu kujifunza.

Mvua za mwezi wa kumi zikaja, zikapita. Mwezi wa kumi na mbili ukarudi na joto lake, na watu wa Runyenjes wakawa wanatarajiwa tena, safari hii kwa harusi. Mchana mmoja nikiwa nawapa kuku mahindi nikasikia majina matatu yakiitwa, na hayakuwa yangu.

"Makena! Choo kimeoshwa na nani?"

Nitawaambia ukweli, siku hiyo nilikula chakula kitamu. Na siku ya pili yake. Nzi wa buluu walikuwa wamerudi, mabuu wamerudi, na Makena alikuwa anatoka mle ndani na uso wa rangi ya majivu. Cucu alikuwa ameanza kusema kwamba huenda hawa watoto wawili waliambukizana. Halafu jioni moja nilimkuta Makena nyuma ya banda la kuku, amejikunyata, ananusa vidole vyake. Alinusa kimoja, akakifuta kwenye nyasi, akakinusa tena. Niliijua ile kazi. Chakula changu hakikuwa kitamu tena.

Kesho yake mchana nilikwenda kushika bomba. Lilikuwa upande wa Meru, lilikokuwa limehamishiwa, na lilikuwa baridi, lina majimaji. Nikazunguka. Ukuta wa upande wa Embu ulikuwa wa moto. Jua lilikuwa limerudi lilikotoka.

Kile nilichokuwa nimekishika kwa kiganja sikukielewa mpaka kidato cha pili. Madam wa jiografia aliingia na kiazi, waru ya kawaida kutoka jikoni, amekichoma kijiti katikati. Alikishika kijiti kikiwa kimeinama, akakizungusha kiazi kuizunguka taa ya chemli iliyokuwa mezani, na hakuruhusu kijiti kibadilishe kuinama kwake. Popote kiazi kilipofika, kijiti kilielekea pembe ileile ya darasa. Dunia ndivyo ilivyo, alisema. Imeinama, na inalizunguka jua mwaka mzima ikiwa imeinama vilevile. Mwezi wa sita ncha ya juu ndiyo inayolielekea jua. Mwezi wa kumi na mbili ni zamu ya ncha ya chini. Huko mbali, karibu na ncha, ndiyo maana kuna miezi ambayo mchana unakuwa mrefu hadi watoto wanalazwa jua likiwaka, na miezi ambayo wanakwenda shule gizani, na baridi na joto vinafuatana na hayo. Sisi tuko kwenye kiuno cha kiazi. Kwetu mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima, jua linaamka saa kumi na mbili na linalala saa kumi na mbili, na kuku hawakosei. Likivuka kiuno, mwezi wa tatu na mwezi wa tisa, linapita utosini kabisa, na mvua hulifuata nyuma.

Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa nanusa. Nilielewa kwa nini Anko Gitonga, ambaye si mjinga, alikosea, na kwa nini angekosea tena. Jua letu halibadilishi saa, linabadilisha upande, na linafanya hivyo polepole na bila kelele, wakati watu wanapalilia. Angekuwa fundi wa huko mbali, jua lake lingekaa upande mmoja mwaka mzima, angefunga bomba mara moja akazeeka nalo. Kwetu hakuna ukuta wa jua. Kuna ukuta wa nusu mwaka na ukuta wa nusu nyingine, na bomba halina budi kupita juu ya paa, ambako jua hulifikia miezi yote. Hivyo ndivyo lilivyo siku hizi, refu, limeungwa kipande, linaonekana tangu barabarani.

"Nani ana mfano kutoka kwao?" Madam aliuliza. Niliangalia viatu. Mfano nilikuwa nao, lakini ungeanzaje kuuinulia mkono.

Nilielewa na kitu kingine hapo, kiazi kikizunguka. Miezi yote ile nilikuwa nimewaonea watu kinyaa, Cucu na leso yake puani, Makena na mabega yake, Anko na supu yake, na sehemu kubwa ya yale haikufanywa na mtu. Ilikuwa ni dunia imeinama. Kilichofanywa na mtu kilikuwa kidogo sana, sentensi moja jikoni, na hicho ndicho mpaka leo sijaweza kukisafisha.

Lakini mwezi ule wa kumi na mbili sikuwa na kiazi wala Madam. Nilikuwa na kiganja chenye baridi upande mmoja na joto upande mwingine, na Makena aliyekuwa analia kwa ndani, jinsi nilivyokuwa nikilia mimi. Jioni hiyo nilimsikia Cucu akisema kwamba harusini jagi litashikwa na mtoto wa jirani.

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa limeshapanda na chai ya pili iko motoni, Anko Gitonga alikuwa amekaa kwenye ngazi za jikoni anachagua miraa, na Makena alikuwa anachukua ndoo. Nilikwenda kwa Cucu nikamshika mkono. Sikuwa nimewahi kumshika mkono bila kuitwa.

"Unanipeleka wapi? Chai itamwagika."

Nilimvuta tu. Tulipita mbele ya Anko, naye akainuka. Nilimzungusha Cucu choo kizima, nikamwekea kiganja kwenye bomba, akakiondoa haraka akakifuta kwenye leso. Nikamwekea kwenye ukuta wa pili, na huko hakukiondoa. Alisimama hivyo, ameushika ukuta uliopata joto, anaangalia jua, anaangalia kivuli chake, kisha anamwangalia mwanawe ambaye alikuwa amefika nyuma yetu na shavu limejaa.

Sikuangalia vidole. "Cucu," nilisema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, hadi Makena akaweka ndoo chini, "Makena si mchafu. Na mimi sikuwa mchafu. Muulize Anko."